Theluji Kifuani mwa Zillah

Je, umewahi kumwona mtoto aliyeshonewa flana mwilini, akalala nayo na kuamka nayo tangu majani ya miti yanapopukutika mpaka maua ya mwezi wa Mei yanapochanua? Kama hujamwona, basi hukupita Harclough enzi zile. Katika mji ule wa madohani na viwanda vya pamba, mama hakungoja baridi ibishe hodi. Oktoba ikiingia alimsimamisha mwanawe mbele ya moto wa jikoni, akampaka mafuta ya bata bukini kifuani na mgongoni, mengi, mpaka mtoto akang'aa, akambandika karatasi ya kaki juu ya mafuta, kisha akamvika flana juu ya karatasi. Halafu alishika sindano akaishona ile flana kwa mbele, kuanzia kitovuni kupanda mpaka shingoni, mishono ya karibukaribu. Tangu hapo mtoto alinawa uso, mikono na miguu. Sehemu nyingine zilingoja Mei.

Shuleni, jiko la makaa likikolea, darasa zima lilinukia bata wa Krismasi. Kwa watoto wengi huyo ndiye bata pekee waliyewahi kumkaribia.

Zillah Ormerod alikuwa mmoja wao. Alitimiza miaka kumi na miwili msimu ule wa majani kuanguka, na sheria ya nchi ilisema mtoto wa umri huo, akipewa cheti na daktari, anaweza kugawanywa: nusu ya siku kiwandani, nusu ya siku shuleni. Waliitwa watoto wa nusu siku. Hakujapambazuka bado, Zillah alikuwa keshavaa viatu vyake vya mbao vyenye chuma kwenye soli, na shali kichwani, na kipande cha mkate kilichopakwa mafuta ya nyama mkononi, akishuka mtaa wa mawe pamoja na mama yake. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha kuchambulia pamba. Alitambaa chini ya mashine akikusanya manyoya ya pamba yaliyoanguka, na yale ambayo hayajaanguka yalielea hewani mle, meupe, mengi, mpaka mtu wa upande wa pili wa chumba ulimjua kwa kikohozi chake tu. Mchana alikwenda shule, akalaza shavu juu ya dawati, akalala. Mwalimu mkuu, Bwana Kershaw, hakuwaamsha watoto wa nusu siku. Naye alikuwa mmoja wao zamani, na alikumbuka utamu wa lile dawati.

Baba yake Zillah alifanya kazi chumba kilekile maisha yake yote, mpaka kifua kilipokataa. Walimzika kabla ya Pasaka iliyotangulia. Siku baba alipokufa, Keziah, mama yake Zillah, aligeuza kioo cha mumewe cha kunyolea ndevu kikatazama ukuta, kama wafanyavyo watu wa kule nyumba ikipata msiba, na hakukigeuza tena. Hakuna aliyemuuliza. Kilikuwa ndicho kioo pekee nyumbani.

Sasa, mwaka ule serikali ilitoa amri kwamba watoto wakaguliwe afya zao mashuleni, na halmashauri ya mji ikaajiri nesi. Aliitwa Enid Pargeter, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenye aproni iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alitoka mji wa kusini, kando ya bahari, ambako baridi huja kama mgeni wa siku chache, ikanywa chai ikaondoka. Alifika Harclough mwezi wa Februari kwa baiskeli, mkoba mweusi umefungwa nyuma, akapewa chumba cha kutundikia makoti kiwe ofisi yake. Akapanga vitu vyake juu ya benchi: beseni la maji ya dawa yaliyogeuka rangi kama maziwa, chanuo la meno membamba, mizani, mkasi wa bendeji, na chombo cha kusikilizia kifua.

Watoto walimwita Bibi Chawa tangu siku ya kwanza. Alilijua jina hilo wala halikumkera. Aliwaita mmoja mmoja, akatazama macho, akatazama masikio, akafungua vinywa akahesabu meno yaliyobaki, akapitisha chanuo nywelani, na chawa akiwapo alimwonyesha mwenyewe kwa heshima, kana kwamba anamtambulisha ndugu. Ila kifua kilimshinda. Alipoweka kile chombo juu ya flana alisikia karatasi tu, chakachaka, kama mtu anayefungua mzigo nyumba ya jirani. Kwa siku kadhaa alisikiliza karatasi.

Alasiri moja zamu ikamfikia Zillah. Aliingia usingizi ungali machoni, alama ya dawati imo shavuni.

"Vua flana, mwanangu," nesi akasema.

"Haivuliwi, nesi."

"Kwa nini?"

"Imeshonwa."

"Nani kaishona?"

"Mama."

"Na itafunguliwa lini?"

"Mei," akasema Zillah, akimtazama kwa huruma kidogo, maana hata watoto wa chekechea walijua jambo hilo.

Hapo ndipo nesi Pargeter alipofanya kosa ambalo mtu wa Harclough asingeweza kulifanya hata kwa kulewa. Alidhani ni uchafu. Alidhani ni mama asiyejali. Akachukua mkasi wa bendeji, akaukata mshono wa Keziah kuanzia shingoni kushuka, uzi baada ya uzi, Zillah amesimama, mikono ameiinua kama mtu anayepimwa nguo. Akabandua karatasi. Akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akafuta mafuta ya bata.

Chini ya mafuta, kifua cha Zillah kilikuwa kimekuwa kioo.

Kilikuwa safi kuliko dirisha lolote la mji ule, maana madirisha ya Harclough yalikuwa na masizi. Mbavu zilionekana nyeupe, nyembamba, zimepangika kama fito za uzio. Nyuma ya mbavu palikuwa na nafasi kubwa kuliko mtu angetegemea kwa mtoto mdogo vile, nafasi tulivu yenye mwanga wa asubuhi, na ndani ya nafasi ile theluji ilikuwa ikianguka. Ilianguka taratibu, bila upepo. Zillah alipovuta pumzi ilitimuka yote ikazunguka, na alipotoa pumzi ikatua tena, juu ya theluji iliyotangulia. Upande wa kushoto, katikati ya weupe huo, moyo ulikuwa umekaa kama yule kidege mwenye kifua chekundu anayekuja dirishani mwa watu wakati wa baridi kuomba makombo. Mdogo hivyo. Mwekundu hivyo. Unarukaruka pale ulipo wala hauendi popote.

Nesi Pargeter alikikamua kitambaa, akakitandaza ukingoni mwa beseni, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Mwanga uliotoka kifuani ulipanda juu ya aproni yake mpaka kidevuni.

"Unasikia baridi humo ndani?" akauliza.

"Hapana, nesi. Panawasha tu."

Alitazama kwa makini zaidi, akaona kwamba kila chembe ya theluji ilikuwa na kijimkia. Haikuwa maji. Ilikuwa pamba.

Zillah naye aliinamisha kichwa atazame, kidevu kikagota kifuani, akaona ncha ya flana na vidole vya nesi. Akajaribu kuinamia beseni. Maji ya dawa yalikuwa meupe, hayakumwonyesha kitu.

Nesi akamwita mwalimu mkuu. Bwana Kershaw alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akachuchumaa mbele ya yule mtoto na magoti yake yakalia.

"Pamba ya Marekani," akasema baadaye, kwa sauti ya kanisani. "Ya Misri ina nyuzi ndefu zaidi."

Habari ya theluji haikuwa ya kwanza kutoka shuleni jioni ile. Ya kwanza ilikuwa kwamba nesi kakata mshono mwezi wa Februari. Ilitangulia mtaani, ikaingia kiwandani kabla honi haijalia, na honi ilipolia wanawake hawakwenda majumbani. Walipanda kilima kwenda shule, shali vichwani, viatu vya mbao vikigonga mawe kwa pamoja, na mbele yao alikuwa Keziah Ormerod na jirani yake Dorcas Entwistle, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa ndevu.

"Wewe ndiye uliyemkatia mwanangu?" Keziah akauliza mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Mama Zillah, karibu ndani kwanza."

"Nimekuuliza."

"Ni mimi."

"Huko kwenu watu huvuana nguo mwezi wa pili?"

"Kwao kuna bahari, shoga," Dorcas akadakia. "Wanaoga mwaka mzima kama mabata. Huoni alivyochujuka?"

Wanawake wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Nina swali moja tu, bibie," Keziah akaendelea. "Mwanangu akifa Jumapili, utamshona wewe? Maana sanda nayo hushonwa. Na mkasi najua unao."

Nesi Pargeter alisogea kando. Zillah alikuwa amekaa juu ya benchi chini ya makoti, amefunikwa taulo mabegani, na nesi akalifungua lile taulo, kisha akaipunguza taa, kwa sababu taa haikuhitajika.

Wale wanawake walikuwa wametoka kwenye kelele ya mashine, kelele ambayo hubaki masikioni mpaka mtu alale. Wakasimama, na kelele ikawatoka. Waliokuwa nyuma walisogezwa mbele bila kuomba. Dorcas aliingiza ncha ya shali mdomoni akaiuma. Mama mmoja mzito wa miguu akakaa chini sakafuni, akapisha wengine waone juu ya kichwa chake.

Keziah alipiga magoti. Hakugusa kwanza. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo kile, akakiondoa, na alama ya kiganja ikabaki pale kwa mvuke, vidole vyote vitano, kabla haijafifia.

"Moyo wake unachechemea," akasema. "Unaona? Unaruka, unaruka, unasita. Baba yake alikuwa akishuka ngazi hivyohivyo."

"Ni wa baba yake kabisa," Dorcas akasema.

"Mama," Zillah akaanza.

"Nyamaza, mama, utaitimua," Keziah akambembeleza. Na kweli theluji ilikuwa imetimuka kwa lile neno moja, na wote wakangoja itue.

Keziah hakumshona binti yake jioni ile. Aliifunga flana kwa pini, akasema atatafuta uzi, na siku zilizofuata hakuutafuta. Watu walikuja. Waligonga mlango wakauliza kama Zillah yuko, kama vile wanavyoulizia mgonjwa au mtoto mchanga, wakajifuta viatu, wakakaa. Walileta walichoweza: bakuli la njegere, kipande cha utumbo wa kuchemsha, mkate wa shayiri. Zillah alisimama mbele ya moto, mama akafungua pini, wakatazama, mama akafunga pini, wakasema ahsante wakaondoka. Wadogo zake, Enos na Thirza mdogo, walikaa chini ya meza wakipokea vyakula.

"Ikoje?" Zillah alimuuliza Thirza siku moja.

"Nyeupe," Thirza akajibu, mdomo umejaa njegere.

Watu waligundua mambo. Siku za kazi theluji ilianguka bila kukoma, hata mchana Zillah akiwa shuleni amelala. Jumamosi mchana, kiwanda kikisimama, ilipungua ikawa chembe mojamoja. Na Jumapili haikuanguka kabisa. Ililala pale, imenyooka, haina alama ya mguu wa mtu wala wa ndege, na moyo ulikuwa juu yake, mwekundu, peke yake.

Jumapili ya pili baada ya ibada watu wa kanisa walikuja na kwaya nzima. Hawakutosha ndani, wakapanga foleni barabarani chini ya manyunyu. Waliimba, lakini kwa sauti ya chini mno, sauti ya kumwimbia mtu aliyelala, kwa sababu waliogopa kuitimua theluji. Zillah aliona mwanga wake mwenyewe juu ya nyuso zao. Kila aliyeinama aling'aa kidogo, makunyanzi yakalainika, akawa kama alivyokuwa kijana. Alizitazama zile nyuso moja baada ya nyingine, kwa bidii, kama mtu anayejaribu kusoma barua kwa kutazama uso wa anayeisoma.

Alikuwapo mzee Amos Haworth, aliyemaliza umri wake wote katika chumba cha kuchambulia na sasa hakuweza kupanda ngazi ya nyumba yake mwenyewe. Alibebwa akaletwa kwenye kiti. Walimweka mbele kabisa. Alitazama mpaka kwaya ikamaliza wimbo na kuanza mwingine.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akasema. "Miaka yote nilidhani ni mchanga."

Kisha akalia kidogo, na hakuna aliyemtania, hata Dorcas.

Wanawake kadhaa waliokuwa na watoto wa nusu siku walirudi majumbani wakawasimamisha watoto wao mbele ya moto, wakawatazama zile flana, mishono ilivyokaa vizuri. Wengine walichukua mkasi. Lakini Februari ilikuwa bado haijaisha, na mtu hamfungui mtoto Februari. Wakarudisha mikasi mahali pake.

Nesi Pargeter hakupata usingizi mwema siku zile. Alikuwa mtu wa kwanza kuona, na kwake yeye kuona ulikuwa mwanzo wa kazi. Alimwita daktari Lumb, ambaye ndiye aliyekuwa akitoa vyeti vya watoto wa nusu siku, aje amwone Zillah na akifute cheti chake. Daktari akaja na meneja wa kiwanda, Bwana Thackray, kwa sababu walikuwa wakila pamoja mchana. Bwana Kershaw aliwapisha katika chumba cha makoti, naye akabaki. Keziah aliombewa ruhusa ya saa moja kwenye mitambo yake ya kufumia, akaja na mkasi wa kazini ungali unaning'inia kiunoni. Zillah akafunguliwa pini.

Daktari alivua kofia. Meneja akamtazama daktari, akavua yake.

Daktari Lumb hakutumia chombo chochote. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu juu ya kioo, akatoa leso ya hariri akafuta ule ukungu mwenyewe, polepole, na kutazama tena.

"Nimefungua wengi wakiwa wamekufa," akasema. "Sijawahi kuona uzuri kama huu."

"Basi mtoe kiwandani, daktari," nesi akasema.

Daktari akainuka. Alikuwa na macho mekundu. "Nesi, mimi naulizwa mambo manne na sheria. Anaona? Anasimama? Ana homa? Ana ugonjwa wa kuambukiza? Theluji haimo."

"Lakini umeiona."

"Nimeiona. Nitaikumbuka mpaka nife. Lakini haimo."

Bwana Thackray akakohoa kwa adabu. "Ile pamba, tukisema ukweli, ni ya kiwanda," akasema. "Ila hatutaidai." Alidhani amefanya wema, na kwa kweli kwa kipimo chake alikuwa amefanya. "Isipokuwa jambo moja, Mama Ormerod. Binti yako anapokuwa na pini zile, upepo wa mikanda ya mashine unamfungua. Watu wanamtazama yeye, hawatazami mashine. Na mashine isipotazamwa huchukua kidole cha mtu. Aje kazini kama kawaida. Lakini aje ameshonwa."

Nesi akamgeukia Keziah. "Mama Zillah, wewe ndiye mzazi. Ukikataa wewe, hakuna wa kumpeleka."

"Nikatae," Keziah akasema. Alikuwa akimtazama binti yake kifuani, si nesi. "Na Enos na Thirza wale nini, nesi? Waile hiyo?"

Nesi Pargeter, ambaye hakuwa na mtoto wala mume na alijua wanalijua hilo, akachuchumaa mbele ya Zillah akamshika mikono yote miwili.

"Haya, tumuulize mwenyewe. Zillah, wewe unataka nini?"

"Anataka masomo," Bwana Kershaw akasema. "Kichwa anacho, akikiinua dawatini."

"Anataka wadogo zake washibe," Keziah akasema. "Ndivyo nilivyomlea."

"Anataka kazi, ni hodari sana chini ya mashine," meneja akasema. "Ana mwili mdogo."

"Anataka afunikwe," daktari akasema. "Chumba hiki kina baridi."

Zillah aliwatazama wote, nyuso nne na ya nesi ya tano, zote ziking'aa kwa mwanga wake. Akafungua mdomo. Badala ya neno kikatoka kikohozi, na pamoja na kikohozi chembe moja ya theluji, iliyopaa mbele ya macho yao, ikazunguka, ikatua juu ya mkono wa koti jeusi la daktari Lumb. Daktari hakuipangusa. Wakakihesabu kile kikohozi kuwa ndilo jibu, wakavaa kofia zao.

Wiki hiyohiyo halmashauri ikaelekeza kwamba kuanzia sasa vifua vya watoto vikaguliwe juu ya nguo. Nesi Pargeter aliweka mkasi wake chini kabisa ya mkoba, chini ya bendeji, akaendelea na macho, masikio, meno na nywele. Kwenye vifua alisikiliza karatasi. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko zamani, na watoto walimwona akifumba macho.

Jumapili iliyofuata alisukuma baiskeli yake kupanda mtaa wa akina Ormerod. Alichukua kopo la mafuta ya bata bukini alilonunua sokoni, na karatasi mpya ya kaki chini ya kwapa. Dorcas alikuwa ameegemea mlango wake.

"Haya, Bibi Chawa," akamwambia. "Leo umekuja kukata au kushona?"

"Nimekuja kushika taa, Mama Entwistle."

"Mh. Basi umeanza kuwa mtu wa hapa. Pita."

Keziah alilipokea lile kopo, akalinusa, akaliona halina kasoro. Akasema nesi akae. Moto ulikuwa mzuri. Enos na Thirza walikuwa chini ya meza. Zillah alisimama mbele ya moto, mikono juu, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili theluji yake ilikuwa imelala, tulivu, ya buluu kidogo pembeni, na kidege chekundu juu yake. Wote wanne wakatazama kwa mara ya mwisho, bila kuambizana kwamba ni ya mwisho.

Kisha Keziah akachota mafuta kwa vidole vitatu. Alianza juu, chini ya shingo, akashuka kwa mviringo, na kila alipopita kioo kikawa na utando, mwanga ukawa wa manjano, kama taa ndani ya nyumba ya watu wengine. Akabandika karatasi. Akavuta flana. Pande mbili hazikukutana vizuri pale nesi alipokata, ikabidi nesi azishike kwa vidole vyake, azibane pamoja, wakati Keziah akishona. Walifanya kazi hivyo, vichwa vikikaribiana, mmoja anabana na mwingine anapitisha sindano, kuanzia kitovuni kupanda. Ule mwanga ukawa mstari. Mstari ukafupika. Ulipofika shingoni ulikuwa tundu dogo tu, ukagusa kidevu cha Zillah, ukazimika.

Keziah akapiga fundo. Akatafuta kitu cha kukatia uzi asikione, na nesi akautoa mkasi wake ndani kabisa ya mkoba, akaukata uzi.

Chumba kilikuwa kimeingia giza kuliko walivyotegemea. Enos alitoka chini ya meza akaongeza makaa, hakuambiwa na mtu.

"Inakubana?" nesi akauliza.

"Hapana, nesi."

"Mbona umesimama hivyo?"

Zillah alikuwa bado ameinua mikono. Alikuwa akitazama ukutani, pale juu ya ndoo, kwenye mgongo wa mbao wa kile kioo cha kunyolea cha baba yake. Keziah akafuata macho yake, na sindano ikabaki hewani.

"Sema, mwanangu," akasema.

"Nyote mmeona," Zillah akasema. "Nilikuwa nataka na mimi nione."